Ping inapita ila mfumo unaganda: kampuni mbili za faiba zinaungana vipi, na tatizo ni la nani

Swali: "Shikamoo fundi. Mi ni afisa TEHAMA wa SACCOS moja hapa Makambako, makao makuu yetu yako Dar na tuna tawi lingine Mbeya mjini. Tumenunua laini ya Ethaneti ya 20 Mbps kwa kampuni moja ya Dar, lakini waliokuja kufunga huku ni kampuni nyingine kabisa. Ping inapita vizuri tu, ila mfumo wa mikopo ukifungua ripoti unaganda. Nikipiga Dar wanasema kwao kuko sawa, wa huku nao wanasema kwao kuko sawa. Hivi hawa wanaunganaje huko kati, na mi ntajuaje tatizo ni la nani?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote nikuambie kitu ambacho kitakupunguzia hasira: inawezekana kabisa wote wawili wanakwambia kweli. Kila mmoja anapima kipande chake, anakikuta kizima, anafunga tiketi. Asichopima yeyote ni pale vipande vinapokutana, na kwa laini za namna yako mi nakwambia anzia hapo hapo kwenye makutano, usianzie kwenye faiba, manake faiba ikikatika huwa haifichi, hata ping haipiti. Tatizo linalopitisha ping, ile paketi ndogo ya kuuliza "upo?" na kujibiwa "nipo", alafu likagoma ripoti ni tatizo la watu wawili kutokubaliana setingi.

Kwanini kampuni ni mbili? Muuzaji wako wa Dar hana faiba Makambako, na kuchimba mtaro kwa ajili ya SACCOS moja ya 20 Mbps hakumlipi. Anachofanya ananunua kipande kwa jumla kwa kampuni ambayo tayari ina faiba hapo kwenu, alafu anakuuzia wewe kama laini moja yenye jina lake. Hakuna kosa hapo, ndo biashara ya mitandao ilivyo dunia nzima, na sheria yetu ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, EPOCA, inataka wenye leseni za mitandao waunganishane. Tena kwa safari ndefu kama ya Dar mpaka huku nyanda za juu kunaweza kuwa na wa tatu humo ndani, kwasababu kuna makampuni yanakodi uwezo kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule unaosimamiwa na TTCL, unaokuja huku kusini mpaka mipakani Tunduma na Kasumulu. Kwahiyo laini unayolipia bili moja inaweza kuwa na wenyewe watatu.

Chukua karatasi uchore mstari. Mwisho wa kushoto ni poti pale ofisini kwenu Makambako, hiyo inaitwa UNI, ni mahali mteja anapokutana na mtandao. Mwisho wa kulia ni UNI nyingine, ofisi ya Dar. Katikati weka alama, hapo ndo mtandao wa mwenye faiba ya huku unapokabidhi mzigo kwa mtandao wa muuzaji wako, na hiyo pointi inaitwa ENNI. Mstari mzima toka mwisho hadi mwisho ni EVC, hiyo ndo uliyouziwa. Kipande cha kila kampuni, toka UNI yake mpaka ENNI, ni OVC. Ukiyashika haya majina manne ukapiga nayo simu utaona mazungumzo yanabadilika, manake anayepokea atajua huwezi kuridhika na jibu la "taa inawaka".

Majina yenyewe yanatoka MEF, jumuiya ya makampuni ya mitandao iliyoanza 2001 kwa lengo la kuifanya Ethaneti ya ofisini iwe huduma inayoweza kuuzwa toka mji hadi mji. Kiwango chao cha kwanza cha makutano kilikuwa MEF 26, kilitoka 2010, na kile cha kuuziana kipande cha kumfikia mteja kilikuwa MEF 33 cha 2012. Kabla ya hapo kila kampuni mbili zilikuwa zinakaa mezani zinapanga za kwao upya, na mpaka leo utakuta makutano ya zamani ambayo yalipangwa hivohivo na hakuna aliyerudi kuyanyoosha.

Ukiyaona kwa macho hayatishi. Ni chumba cha vifaa, raki ya huyu na raki ya yule, pachikodi ya njano ya faiba inatoka poti hii inaingia poti ile, mara nyingi ni 10 Gbps kwa moduli za LR ambazo zinaweza kufika kilomita 10. Ndani ya poti hiyo moja zinapita laini za wateja wengi sana kwa pamoja, benki, hospitali, SACCOS, minara ya simu, na hapo ndo swali la maana linapoanza: poti ya upande wa pili inajuaje fremu hii, yaani kifurushi hiki cha data, ni yako na ile ni ya benki?

Inajua kwa tagi. Fikiria magunia ya viazi yanayotoka Uporoto kwenda Dar. Mkulima ameandika herufi zake kwenye gunia, hiyo ni alama yake na haimhusu mtu mwingine, lakini fuso moja limebeba magunia ya wakulima wengi na wawili wanaweza kuwa wameandika herufi zilezile, kwahiyo mwenye fuso anabandika alama yake juu ya ile ya mkulima, na wapokeaji wa Dar wanapanga kwa alama ya fuso, wakishapanga wanaibandua na gunia linamfikia mwenyewe likiwa na herufi zake kama alivyoziandika. Kwenye Ethaneti herufi za mkulima ni C-tag, VLAN zako, yaani mafungu ya mtandao wako wa ndani ambayo unapanga utakavyo, na alama ya fuso ni S-tag, ambayo kampuni mbili zimekubaliana pale ENNI. Utaratibu wa tagi juu ya tagi uliwekwa rasmi na kiwango cha 802.1ad cha 2005. Kila tagi ina biti 12 za namba, yaani 4096, mbili hazitumiki zinabaki 4094, na kwenye ENNI namba hizo ndo zinagawiwa kwa laini za wateja.

Hapo kwenye tagi kuna makosa mawili ambayo kila fundi wa makutano ameshakutana nayo. La kwanza ni namba: huyu ameandika S-tag 312 yule ameandika 321, laini haipandi kabisa, au mbaya zaidi inapanda kwenye laini ya mtu mwingine. La pili ni aina ya tagi. S-tag ya kiwango inajitambulisha kwa namba 0x88A8, ila kuna vifaa, hasa vya zamani, vinatumia 0x8100 kwa tagi zote mbili ya nje na ya ndani, na vingine 0x9100. Pande mbili zisipolingana kila mmoja anaona poti iko juu, mwanga wa faiba safi, na hakuna kinachopita. Wewe huna hilo kwasababu ping yako inapita, nimelitaja ili ukifungua tawi jipya siku moja na lisipande ujue pa kuuliza kwanza.

Lako, kwa maelezo uliyotoa, nalishuku MTU, yaani saizi kubwa kabisa ya kifurushi ambayo poti inakubali kupitisha, na hapa nakaa kidogo.

Fremu ya kawaida ya Ethaneti inabeba baiti 1500 za mzigo, na ukiweka kichwa chake na ile hesabu ya ukaguzi ya mwishoni inafika 1518. Ukiongeza tagi yako ni 1522. Ikipigwa na tagi ya pili pale kwenye ENNI ni 1526. Kwahiyo poti ya makutano ambayo mtu ameiacha na setingi ilizotoka nazo kiwandani inaweza ikapitisha fremu zote ndogo bila shida, ila fremu iliyojaa ikifika inakuta imezidi baiti nne, inatupwa. MEF 26 inataka ENNI ibebe angalau 1526 na inashauri 2000. Alafu kuna mtego mwingine wa hatari zaidi, vifaa havihesabu sawa. Cisco za IOS ukiona MTU 1500 hiyo haina kichwa cha Ethaneti ndani yake, Juniper chaguo-msingi ni 1514 kwasababu imeshakihesabu kile kichwa cha baiti 14. Mafundi wawili wanaandikiana baruapepe, "weka 1522", "nimeweka", wote waaminifu, na hawajaweka kitu kimoja.

Sasa angalia dalili zako. Ping ya Windows ukiiacha ilivyo inabeba baiti 32, hiyo itapita hata kwenye tundu la sindano. Kuingia kwenye mfumo, jina na nywila, paketi ndogo, inapita. Ukifungua ripoti seva ya Dar inaanza kumimina paketi zilizojaa, hazifiki, inazituma tena, hazifiki, wewe unaona kiduara kinazunguka. Ungekuwa na ruta katikati ingerudisha ujumbe kwa seva kwamba punguza saizi, lakini kwenye laini ya Ethaneti katikati yako hakuna ruta inayokuhusu, zipo swichi tu kwa macho yako, na swichi ikipata fremu iliyozidi inaitupa kimya. Hakuna anayeambiwa.

Kupima ni dakika chache. Kutoka kompyuta ya Windows upande wa Makambako ipige ping ruta ya Dar kwa amri ya ping -f -l 1472 alafu anwani. Ile -f inakataza paketi kukatwa vipande. Kwa Linux ni ping -M do -s 1472. Namba 1472 ukijumlisha 8 za kichwa cha ping yenyewe (ICMP) na 20 za kichwa cha IP unapata 1500 kamili. Kama unatumia MikroTik, ambazo ofisi nyingi huku ndo zinazo, saizi yake inahesabu na kichwa cha IP kwahiyo unaandika 1500 na unaweka do-not-fragment. Kama mnapita kwenye handaki la IPsec, lile linalofunga data kwa ufunguo kati ya ruta zenu, usipime ndani yake, pima kwa anwani za laini yenyewe, manake handaki linakula baiti zake na utapata namba ndogo ambayo haimhusu mtoa huduma. 1472 ikipita basi MTU iko salama na dhana yangu imeanguka, nenda kwenye spidi hapo chini. Ikigoma teremka 1468. 1468 ikipita na 1472 ikagoma umeshamkamata, zimepungua baiti nne, ambazo ni saizi ya tagi moja kamili, au lebo moja ya MPLS kama mmojawapo anabeba laini yako juu ya MPLS, mtandao unaosafirisha data kwa lebo. Ikipita kuanzia 1464 ni nane, tagi mbili. Namba hiyo ndo unaiandika kwenye tiketi. Usiandike "mtandao uko slow", andika "paketi ya 1472 isiyokatwa haipiti toka UNI ya Makambako hadi UNI ya Dar, 1468 inapita, naomba muangalie MTU pande zote mbili za ENNI". Tiketi ya namna hiyo haifungwi kwa kuambiwa kwetu kuko sawa.

Wakati unasubiri wafanye kazi yao usiwaache wanachama foleni. Kwenye ruta zote mbili, ya Makambako na ya Dar, shusha MTU ya poti ya laini hiyo iwe ile iliyopita kujumlisha 28, kwahiyo ikipita 1468 unaweka 1496, au banisha MSS ya TCP, yaani kiasi cha data kwenye kila paketi ya TCP, iwe 1456. Ripoti zitafunguka leo leo. Ila usiifanye hiyo ndo dawa ya kudumu ukakaa kimya, manake umenunua laini ya 1500 na siku mtu mwingine akibadilisha ruta bila kujua mtarudi palepale.

Suala la spidi nalo linazaliwa makutanoni. Umenunua 20 Mbps, hiyo kwa lugha yao ni CIR, spidi ambayo wameahidi kuibeba. Muuzaji ameweka kikomo cha 20 kwake, mwenye faiba naye ameweka 20 kwake, wote wametimiza. Lakini fremu inapopita ENNI imebeba tagi ya nje, imekuwa kubwa kwa baiti nne, na kikomo cha pale kinahesabu hadi hizo. Kwa fremu kubwa hutaona kitu, ila kwa fremu ndogo ya baiti 64 inakuwa 68, zaidi ya asilimia 6 imeliwa na tagi, na simu za ofisini zinazopita kwenye laini ni fremu ndogondogo. Muuzaji makini ananunua kipande chenye kikomo kikubwa kidogo kuliko anachokuuzia. Na kuna CBS, kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa kuingia kwa mkupuo, ambayo kwa maoni yangu inaumiza wateja wengi kuliko CIR yenyewe na karibu hakuna anayeiuliza. Seva yako imeunganishwa kwa poti ya 1 Gbps, inatuma kilobaiti 64 kwa mpigo, zinaingia kwa nusu milisekunde, wakati kwa 20 Mbps zinahitaji kama milisekunde 26. Kikomo chenye CBS finyu kinazitupa zilizozidi, TCP inaogopa inapunguza mwendo, na wewe unapima unapata 8 au 9 Mbps kwenye laini ya 20 ambayo haijawahi kujaa. Dawa upande wako ni kuweka shaping kwenye ruta yako iwe 19 hivi, zitoke zimepangwa foleni badala ya kufika kwa kishindo. Upande wao waulize CBS ni ngapi, kwa UNI na kwa ENNI.

Jambo la tatu hujaliuliza ila litakukuta, na kwa SACCOS ni zito kuliko haya mengine. Siku kijiko cha kuchimba mtaro kikikata faiba kati ya Makambako na yalipo makutano, ruta yenu ya Dar haitajua. Poti yake imeunganishwa na kifaa cha muuzaji kilichopo jengo lilelile, kile kizima, taa ya kijani inawaka, ruta inaendelea kuamini njia ipo na inamwaga paketi shimoni, na ile laini ya akiba ya 4G uliyoinunua kwa hela nzuri imekaa haijaguswa. Ukiwa na faiba yako moja kwa moja, ikikatika poti zinazima pande zote na kila kifaa kinajua. Laini inayopita ENNI haina hiyo tabia mpaka mtu aitengeneze. Kwahiyo usitegemee taa. Weka BFD, ambayo inafanya ruta ziulizane kila mara kama mwenzake yupo, kati ya ruta zako mbili kama zinaiweza, au angalau kwenye MikroTik washa check-gateway ya ping kwenye njia kuu, hiyo inagundua ndani ya kama sekunde 20 na kuhamia 4G yenyewe. Ijaribu kwa kuchomoa mbali, sio kuchomoa waya ulioko miguuni kwako, manake ule ukichomoa taa inazima na jaribio limekudanganya. Mwombe muuzaji azime laini kule kwake kwa dakika tano siku ya Jumapili.

Makampuni yenyewe yana chombo cha kuona laini toka mwisho hadi mwisho bila kumsubiri mteja apige simu. Kinaitwa CFM, kiwango cha 802.1ag cha 2007, na mwenzake Y.1731 wa ITU ambao unapima na ucheleweshaji na upotevu. Vifaa vya mwisho vinatumiana ujumbe mdogo muda wote, ukikosekana kengele inalia. Ujumbe huo una ngazi, 0 mpaka 7, za mteja juu, za muuzaji katikati, za kila mwenye kipande chini, ili kila mmoja aangalie eneo lake bila kuingilia la mwenzake. Pale ENNI wakipangana ngazi vibaya ujumbe wa muuzaji unazuiwa kwa mwenye faiba, muuzaji anabaki anaona mpaka mlangoni tu, na ndo hapo unasikia "kwetu kuko sawa", kwasababu kweli hana jicho la kuona kwingine. Muulize swali moja tu, je unaangalia laini yangu kwa CFM toka UNI hadi UNI? Jibu likiwa hapana, basi mfuatiliaji wa hiyo laini ni wewe.

Tawi lenu la Mbeya. Hapa nina msimamo na sitauficha. Kama Makambako iko kwa kampuni moja na Mbeya iko kwa nyingine, na zenyewe zinakutania Dar tu, basi muamala kati ya matawi yenu mawili unashuka Kitonga kwenda pwani na kupanda tena. Makambako na Mbeya ni kama kilomita 170 kwa barabara. Makambako Dar Mbeya inakaribia 1500. Mwanga kwenye faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, ukipiga hesabu kwenda na kurudi ni milisekunde 2 kwa njia fupi na 15 kwa ile ndefu, na hiyo ni kabla ya vifaa vya njiani. Milisekunde 15 mfumo wa mikopo unavumilia, mi shida yangu sio hizo. Shida ni kwamba kila kilomita unayoongeza ni mahali pengine pa kijiko, mafuriko, na mtu anayechimba msingi, kwahiyo mawasiliano ya watu wawili wa nyanda za juu yanakufa kwasababu ya kitu kilichotokea Mikumi. Makutano ya hapa Mbeya yana maana, na wateja tukiuliza kwa wingi "ENNI yenu na kampuni fulani iko mji gani" kabla ya kusaini, wataona kuna biashara ya kuyaweka. Mji huu uko njiani kwenda Zambia na Malawi, mzigo wa nchi jirani unapita hapa, sio mwisho wa reli.

Watu wanachanganya hayo makutano na IXP kwahiyo niliseme upesi. IXP, kama ile ya Dar iliyoanza 2004 na zilizofuata mikoani, ni swichi ya pamoja ambapo mitandao inabadilishana trafiki ya intaneti, wanaambizana njia za IP kwa BGP, ili mtu wa Iringa akifungua tovuti iliyo Dar trafiki isizunguke Ulaya. ENNI haishughuliki na IP yako kabisa, inabeba fremu za laini binafsi ya mteja kama zilivyo. Jengo linaweza kuwa moja, kazi ni mbili.

Na kwasababu ni laini binafsi watu wanadhani ni ya siri. Imetenganishwa na za wengine kwa tagi, hiyo ndo tofauti yake yote, haijafungwa kwa ufunguo wowote, na ile S-tag 321 niliyoitaja juu inakuonyesha kosa dogo linaweza kuipeleka wapi. Mnabeba akiba za watu. Weka IPsec kati ya ruta zako, na kumbuka inakula baiti kadhaa hivyo panga MSS tena baada ya hapo, na usiunganishe swichi tupu kwenye poti ya mtoa huduma, weka ruta, la sivyo siku mtu wa Makambako akichomeka waya ukarudi kwenye swichi ileile ofisi ya Dar nayo inazama kwenye tufani ya brodikasti, fremu zinazozunguka bila mwisho mpaka laini inajaa.

Kuhusu tatizo ni la nani: kwako wewe ni la muuzaji. Mkataba umesaini naye, hela unampa yeye, kampuni iliyokuja kufunga huku haikujui kisheria, wewe ni namba ya OVC kwenye karatasi yake. Ukianza kuwapigia wao moja kwa moja unamsaidia muuzaji kukaa pembeni. Namba ya simu ya fundi wa huku itunze kwa ajili ya kufunguliana mlango, tiketi zote ziende Dar. Mkirudia mkataba hakikisha umeandikwa kwamba huduma inapimwa UNI hadi UNI, MTU ya 1500 ya mzigo bila kukatwa, CIR na CBS kwa namba, mahali ENNI ilipo, na kwamba kuna poti mbili pale ENNI kwenye vifaa tofauti na faiba zinazopita chemba tofauti, manake mbili zinazolala kwenye chemba moja kijiko kinazibeba pamoja. Na siku ya kukabidhiwa dai ripoti ya kipimo cha Y.1564, kile cha kukagua laini ya Ethaneti kabla ya kuipokea, kilichofanywa toka mwisho hadi mwisho, kikiwa na fremu ndogo na zilizojaa. Ripoti mbili za nusu nusu usizipokee. Muuzaji akikuzungusha baada ya malalamiko ya maandishi unaweza kwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila hakikisha una tarehe za tiketi na hizo namba za ping.

Anza na 1472 kesho asubuhi kabla wanachama hawajajaa, pima na kurudi pia, toka Dar kuja Makambako, kwasababu upande mmoja unaweza kupitisha na mwingine ukatupa, na uniandikie umepata ngapi kwa kila upande.